MJADALA: Fedha za kuondoa magugu ziwani zinakwama wapi?

Kirumba Kwetu: Wadau, mapema 2025 hapa Mwanza, Ziwa Victoria, vivuko vya Kigongo–Busisi vilikuwa vinakwama kwenye gugu jipya, salvinia. Viongozi walifika, ahadi zikatolewa. Gugu lile likipata maji yenye taka linaongezeka maradufu ndani ya wiki mbili, hata chini ya hapo. Bajeti inapita Juni, fedha zinatoka kwa awamu, na kila awamu ina mchakato wake. Mpaka zifike, eneo limeshakuwa kubwa kuliko lile lililoombewa. Kwa nini ziwa lisiwe na fungu la dharura?

Mzee wa Nyavu: Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3. Habari ya vivuko imekwisha.

Mama Dagaa: Kaka, imekwisha kwako unayepita na gari. Mtumbwi haupiti darajani. Propela ikinaswa, vijana wanashuka majini kung'oa mizizi kwa mikono, na dagaa akichelewa kuanikwa anaharibika, tunamuuza kwa bei ya chakula cha kuku. Nani atanifidia?

Pasiansi Juu: Tuseme ukweli. Watu wa mtaa wa Mabatini wanatapisha vyoo, yaani wanavifungulia vimwagike, mvua ikinyesha; uchafu unaingia Mto Mirongo mpaka ziwani. Hiyo ndiyo mbolea ya magugu. Hata zije trilioni, ni kazi bure.

Mabatini Damu: "Watu wa Mabatini" ndio akina nani? Nimezaliwa huko. Kule juu kwenye mawe gari la kunyonya vyoo halipandi. Mitaa ya chini ilipata bomba la majitaka ikaacha kutapisha. Sisi tumeambiwa tusubiri fedha, hizo hizo zinazojadiliwa hapa. Futa kauli yako.

Pasiansi Juu: Sifuti. Nimeona kwa macho yangu.

Mabatini Damu: Umeona mvua moja ukahukumu mtaa mzima. Mama yangu yuko kule, na choo chake hajawahi kukitapisha.

Kirumba Kwetu: Jamani, hoja ni bajeti! Miaka ya 90 yale magugu maji ya kwanza yalipoingia mbona yalidhibitiwa?

Mwalimu Mstaafu: Mdogo wangu, yalionekana mwishoni mwa miaka ya 80, yakishuka na Mto Kagera. Miaka ya 90 ndipo walipoletwa mbawakavu, wadudu wanaoyala. Mradi wa LVEMP, ule wa mazingira ya Ziwa Victoria, uliwafuga kwa fedha za Benki ya Dunia, na yakapungua sana. Mradi ulipofika mwisho hatukuweka fedha zetu za kudumu kuuendeleza. Hapo ndipo tulipojikwamisha.

Mzee wa Nyavu: Basi wafugwe tena, wale hilo jipya.

Mwalimu Mstaafu: Hawalili. Salvinia ina mdudu wake, na huyo naye anahitaji bwawa la kumzalishia, wataalamu na mishahara ya kila mwezi. Ukikatisha fedha miezi mitatu unaanza upya.

Mabatini Damu: Mdudu aletwe, sawa Mwalimu. Pasiansi Juu, bado hujafuta kauli.