AC ya chumba cha Bibi haipumziki

*Zuhura:* Jamani mlioko macho naomba msaada, AC ya chumba cha Bibi haizimi kabisa yani tangu jana mchana mashine ya nje inanguruma tu, usiku kucha haijapumzika hata mara moja na chumba bado kina joto, Bibi hajalala vizuri

*Hemedi:* dada umeiweka ngapi

*Zuhura:* 18

*Hemedi:* shusha mpaka 16 itavuta zaidi

*Mjomba Rajabu:* Hapana Hemedi usimwambie hivo. Kushusha namba hakuifanyi itoe baridi kali zaidi, hiyo namba inaiambia tu isisimame mpaka chumba kifike hapo, sasa kama 18 imeshindwa 16 itaifikiaje, itazidi kujichosha na umeme utaenda bure. Weka 25

*Zuhura:* Shkamoo mjomba, nimeweka 25, bado inaenda

*Mjomba Rajabu:* Marahaba mwanangu. Angalia kwenye stika pembeni ya mashine, ni inveta au ya kawaida? Manake inveta yenyewe ndo tabia yake, haizimi zimi, ikikaribia namba uliyoweka inapunguza mwendo inaenda polepole, watu wengi wanaita fundi kwa kitu ambacho si ubovu

*Zuhura:* Haina neno inveta popote

*Mjomba Rajabu:* Basi hiyo ilitakiwa iwe inakata na kuwaka. Weka mkono pale hewa inapotokea, ni ya baridi au ya vuguvugu? Na inatoka kwa nguvu?

*Zuhura:* Ya baridi kabisa mjomba ila inatoka kidogo mno, feni nimeweka ya juu lakini hata pazia lililo hapo karibu halitikisiki

*Shangazi Mwajuma:* Hiyo gesi imeisha, tafuteni fundi aongeze. Ya kwangu huwa wanaongeza kila mwaka

*Mjomba Rajabu:* Shemeji ngoja kwanza. Gesi ya AC haiishi kama ya kupikia, inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa, inaenda nje inatema joto inarudi ndani inachukua joto jingine. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Sasa hao wanaokuongezea kila mwaka bila kutafuta tundu wanakuuzia gesi ya kumwaga hewani, hilo linaniuma kwa kweli, usikubali tena

*Mjomba Rajabu:* Zuhura zima AC, zima na swichi yake ya ukutani, fungua kifuniko cha mbele utoe zile nyavu za filta, halafu angalia nyuma yake uniambie unaona nini

*Zuhura:* 📷 Picha

*Zuhura:* Mjomba filta imeziba vumbi zito kama blanketi, na nyuma yake kuna BARAFU, nyeupe imeganda upande mzima

*Hemedi:* barafu na chumba kina joto??

*Mjomba Rajabu:* Ndo hivo hasa. Ile koili ya ndani, yani yale mabomba ya gesi yenye mapezi nyuma ya filta, inategemea hewa ya chumba ipite juu yake iipe joto, filta ikiziba hewa haipiti, koili inazidi kupoa mpaka chini ya sifuri, unyevu wa hewani unagandia pale, ile barafu nayo inaziba hata kile kinjia kilichobaki, chumba hakipoi, kidhibiti joto kinaona bado joto hakikati, kompresa, ile pampu ya gesi kwenye mashine ya nje, nayo haipumziki. Na ikiendelea hivo gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado majimaji, hiyo inaua kompresa kabisa

*Hemedi:* naenda na kisu niibandue fasta

*Mjomba Rajabu:* Usiguse na kisu!! Yale mapezi ni bati laini la alumini na bomba liko hapo hapo nyuma, ukitoboa ndo utakuwa umetengeneza uvujaji wa kweli. Osheni filta kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, ianikwe kivulini ikauke. Ikishakauka irudisheni, weka alama ya feni peke yake bila ya theluji, iache saa kadhaa iyeyuke yenyewe, tandikeni taulo chini maji yatakuwa mengi. Na Mama mtoeni humo alale chumba kingine leo

*Zuhura:* Bibi nimeshamhamisha, anasema asante mwanawe

*Hemedi:* mimi niko nje hapa, kuna maboksi yameegemea mashine na majani yamejaa nyuma, nifungue niisafishe ndani?

*Mjomba Rajabu:* Usifungue, kuna kapasita humo inabaki na umeme hata baada ya kuzima, hiyo ni ya fundi. Ondoa maboksi, toa majani kwa mkono, breka ikiwa imezimwa mwagia ule wavu maji ya taratibu, usitumie mashine ya presha itakunja mapezi. Hiyo ya nje kazi yake ni kutupa joto, ukiizibia joto halina pa kwenda nayo inazunguka bila kukata

*Zuhura:* Mjomba tumerudi, barafu imeisha yote, nimewasha 25 na hewa sasa inapiga mpaka kitandani. Nimechukua kipimajoto, juu inapoingilia hewa ni 29 inapotokea ni 18

*Mjomba Rajabu:* Tofauti 11, vizuri sana. Ikiwa kati ya 8 na 12 hivi mashine inapoza sawasawa

*Zuhura:* IMEKATA!! ya nje imenyamaza, nasubiri

*Zuhura:* Imewaka tena, imekata tena 🙏

*Mjomba Rajabu:* Alhamdulillah. Lakini kesho fungueni tena kifuniko mchungulie. Kama barafu imerudi na filta ni safi, hapo sasa alichosema shemeji kina nafasi, gesi itakuwa imepungua, mwite fundi na umwambie atafute uvujaji kwanza, azibe, ndo apime gesi kwa mzani kulingana na stika. Na kama haina barafu ila inaendelea bila kukata aangalie kile kiwaya cha sensa mbele ya koili, kikichomoka kwenye kishikizo chake kinasoma vibaya

*Zuhura:* Sawa mjomba. Filta kila baada ya wiki mbili ntaosha, nimeweka alamu kwenye simu

*Shangazi Mwajuma:* Shemeji na mimi naenda kufungua kifuniko changu sasa hivi, nakutumia picha ya stika na ya koili, usilale