MREJESHO: Ile ofa ya kumtoa Aaron Judge

Wakuu, nilikuja kuomba ushauri: kwenye ligi yetu ya besiboli ya kubuni (kila mtu ana kikosi chake cha wachezaji halisi wa Marekani na anapata pointi kwa wanachofanya uwanjani), sisi watu kumi wa Sinza na Upanga, jamaa alitaka nimpe mpigaji Aaron Judge anipe mrushaji Tarik Skubal na mpigaji José Ramírez. Nikauliza kama ni haki.

Wengi mlisema nakataa bahati, wawili kwa mmoja! Ila kuna mkuu mmoja aliniuliza swali lililonikosesha usingizi: ukipokea wawili, nani anatoka kikosini? Hapo ndipo hesabu yangu ilipokuwa na tundu. Ningelazimika kumwacha bure mpigaji mzuri, na yule jamaa angepata nafasi wazi ya kuokota mtu.

Halafu kuna suala la mrushaji. Skubal ametwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi yake, 2024 na 2025, sibishi, lakini mrushaji anayeanza mechi hushika mpira mara moja kila siku tano hivi. Judge anapiga karibu kila siku katika mechi 162, na ndiye aliyepiga homurani (mpigo unaomwezesha mpigaji kuzunguka vituo vyote na kufunga) 62 mwaka 2022. Mimi huamka saa nane usiku kumwangalia. Inaniuma kweli kumwachia.

Basi nikamrudia jamaa: chukua Judge pamoja na mrushaji wangu wa akiba, nafasi zilingane. Akakubali jana jioni, wengine wanane wakapiga kura, hakuna aliyepinga. Ramírez ameshaingia kwenye kikosi changu kama mlinzi wa kituo cha tatu, nafasi iliyokuwa inavuja tangu mwanzo wa msimu.

Yule mkuu wa swali la kikosi, asante sana kaka.