Dohani za Bahari ya Hindi: zichimbwe au ziachwe?

Wakuu, heshima mbele.

Uchimbaji wa madini kwenye sakafu ya bahari wengi tunaudhani jambo la Wajerumani na Wachina, kumbe na sisi tumo. Mashariki ya Mauritius, kama mita 2,400 chini ya maji, kuna chemchemi za moto ziitwazo Kairei. Maji hutoka na joto la nyuzi zaidi ya 300, yakikutana na maji baridi madini yanaganda, na polepole inajengwa dohani yenye shaba na zinki. Ubavuni mwake anaishi konokono mwenye magamba ya chuma mguuni, aliyegunduliwa 2001. Kula kwenyewe hali: bakteria waliomo mwilini mwake ndio wapishi wake, na kuni zao ni ile gesi inayonuka kama yai viza.

China ina mkataba wa kutafuta madini kwenye safu ya milima ya chini ya bahari, kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, tangu 2011, Ujerumani huku Kairei tangu 2015. Mwaka 2019 konokono huyo akawekwa kwenye Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini kutoweka, kiumbe wa kwanza kuingia humo kwa tishio la uchimbaji wa bahari kuu. Msimamo wangu: chemchemi hai zisiguswe. Mwenye la kupinga, uwanja ni wake.

Baharia wa Tanga: Mkuu, konokono tu huyo. Wanyama hawa misukosuko ni maisha yao. Mashariki mwa Pasifiki volkano ililipuka 1991, lava ikafunika kila kitu. Haikutimia miaka mitatu, minyoo ile mirefu isiyo na mdomo wala utumbo imerudi, mingine imepita urefu wa mita. Na konokono wako tangu aorodheshwe ameshaonekana hadi Safu ya Carlsberg, safu nyingine ya chini ya bahari, kaskazini huko. Halafu aina zenyewe chache! Zamia mara moja kwenye matumbawe ya Mafia uone.

Mwalimu wa Baiolojia: Baharia, uchache huo ndio unaonitia wasiwasi. Idadi ya wanyama ni kubwa, kamba wamejazana kama siafu, lakini nyingi ya aina hizo hazipatikani popote nje ya chemchemi. Minyoo yako ya Pasifiki huku haipo kabisa. Kamba wa Kairei ana binamu yake Atlantiki, lakini si yeye. Wataalamu walipopima aina 184 za konokono na chaza wa chemchemi, asilimia 62 zilikutwa hatarini.

Na mfano wako wa volkano umeuchukua mahali pasipo pake. Pale Pasifiki sakafu ya bahari inatanuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, milipuko ni ya mara kwa mara, wanyama wamejifunza kuhama na kurudi. Safu yetu ya kusini-magharibi haifiki sentimita 2. Huku chemchemi inaweza kudumu maelfu ya miaka palepale, na kwa kuwa imedumu, ndiyo maana lundo la madini limekuwa kubwa. Kwa hiyo mchimbaji anavutwa pale ambapo wanyama wamezoea utulivu, si pale walipozoea kuunguzwa. Hata konokono wa Longqi, chemchemi zilizo kwenye safu hiyo ya kusini-magharibi, na wa Kairei wameshatofautiana kinasaba. Mabuu hayavuki hovyo.

Mtu wa Lubumbashi: Nawasoma tu. Konokono ana orodha yake. Kijana anayeshuka shimoni Kolwezi, kwenye migodi yetu ya shaba huku Kongo, yuko kwenye orodha gani? Lakini msidanganywe kwamba shaba ya baharini itafunga mashimo yetu. Itashusha bei, na kijana atashuka shimo lilelile kwa malipo madogo zaidi.

Wakili wa Dar: Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 uliliona hilo, una vifungu vya kuzilinda nchi maskini zinazochimba nchi kavu. Unasema pia sakafu ya bahari nje ya mipaka ya nchi ni urithi wa pamoja wa wanadamu, na Tanzania na Kenya zina viti kwenye Mamlaka inayoisimamia sakafu hiyo, kule Kingston, Jamaika. Napendekeza njia ya kati: zichimbwe dohani zilizokufa tu.

Mwanzisha mada: Wakili, pendekezo lako ndilo pekee linalonisumbua, maana lina akili. Ila dohani iliyokufa mara nyingi iko jirani na iliyo hai, na vumbi la mashine chini ya maji haliheshimu mpaka. Isitoshe, nani atathibitisha kuwa imekufa na haijalala tu?

Mtu wa Lubumbashi, kwa bei nimekuelewa, sikuwa nimeifikiria. Na kwa wanaosubiri mgawo wa urithi huo: Papua New Guinea ilinunua hisa kwenye mradi wa aina hii ndani ya maji yake, kampuni ikafilisika 2019 kabla ya kuchimba chochote, serikali ikapoteza zaidi ya dola milioni 100.

Baharia, kuhusu Carlsberg umesema kweli. Sasa nijibu hili la sentimita 2.