MJADALA: Mgawo wa kikabila serikalini unajenga taifa, au unagawa vyeo tu?

Mtoa mada: Wakuu, kiongozi aliyerithi nchi ambayo watu wake wamewahi kuuana kwa kabila, aandike mgawo wa kikabila kwenye katiba au alifute kabila kwenye makaratasi yote? Msimamo wangu ni kwamba mgawo unafaa pale ambapo watu wanaogopa kuuawa. Wanapoogopa kunyimwa ajira tu, zipo dawa nyingine. Burundi ilikuwa na sababu. Baada ya mauaji ya 1972, na vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye Oktoba 1993, nani angesalimisha silaha kwa ahadi ya mdomo? Mkataba wa amani ya Burundi uliosainiwa Arusha Agosti 2000 na Katiba ya 2005 vikaweka namba: Bunge na serikali 60% Wahutu na 40% Watutsi, Seneti nusu kwa nusu, Watwa viti vitatu bungeni, na jeshini kabila lolote lisizidi 50%. Kwangu mimi hiyo ya jeshi ndiyo yenye uzito. Nyingine ni mapambo.

Msoma Katiba: Si mapambo, mkuu. Angalia orodha ya wagombea inavyopangwa. Mpiga kura anachagua chama, hachagui jina, na katika kila majina matatu yanayofuatana ni mawili tu yanayoruhusiwa kuwa ya kabila moja. Kwa hiyo CNDD-FDD, chama tawala kilichozaliwa kwenye msitu wa waasi wa Kihutu, kililazimika kutafuta Watutsi na kuwapandisha juu kwenye orodha, wasiachwe mkiani. Hesabu isipotimia, wanaongezwa wa kuteuliwa: mwaka 2005 walichaguliwa 100, wakaongezwa 18. Ndiyo maana mwaka 2015, Rais Nkurunziza wa chama hicho alipotaka muhula wa tatu, walioingia barabarani Bujumbura walikuwa Wahutu na Watutsi pamoja.

Kigoda: Sawa, lakini mgawo unahesabu kabila la mbunge, hauhesabu aliyemweka. Mbunge anamwogopa anayepanga orodha, haogopi kijiji alikotoka. Mwaka 2025 CNDD-FDD ilibeba viti vyote 100 vya kuchaguliwa, na sharti la kabila likatimizwa vilevile. Hao Watutsi wa bungeni wamesimama kwa niaba ya nani?

Kaunti ya 48: Njooni Kenya mwone ugonjwa mwingine. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007/08, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilisema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikasema angalau 30% ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti. Hizi mbili hazikai chungu kimoja. Kaunti yenye watu karibu wote wa jamii moja itapataje theluthi mbili kutoka kwingine?

Tufanye hesabu. Chukulia kaunti ina wafanyakazi 3,000, kati yao 150 si wa jamii kubwa, yaani 5%. Inaajiri 100 kila mwaka na kutii ile 30% bila kukosa, na tuseme hakuna anayestaafu. Baada ya miaka kumi wageni ni 450 kati ya 4,000. Hata 12% haijafika! Na hapo hatujagusa ujanja: watu wanaingizwa kama vibarua bila tangazo, mkataba unasogezwa mara mbili tatu, kisha wanathibitishwa. Nafasi hiyo haikuwahi kuwa wazi, kwa hiyo 30% haikuwa na pa kushika. Au wageni wote wanapelekwa hospitalini kwa kuwa madaktari na wauguzi wa kwao hawatoshi, huku fedha, ardhi na manunuzi wakibaki wenyewe. Ripoti inapendeza, mwenye shida ya hatimiliki anakutana na ukoo mmoja.

Mtoa mada: Kwa hiyo hata wewe unakubali mgawo wa ajira haufai. Tazama njia ya pili, ya kulifuta kabila: Tanzania sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na sheria ya vyama ya 1992 inadai wanachama 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwemo. Chama cha kabila moja hakisajiliki.

Kaunti ya 48: Sijakubali, ndugu. Usipouliza kabila huwezi kuthibitisha upendeleo, na anayependelea atakushukuru sana. Sheria ya usajili wa vyama Kenya nayo ipo: wapiga kura 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti 47. Vyama hukusanya majina, vikasajiliwa, ngome ikabaki ileile. Ninachotaka ni hesabu ifanywe kwa idara na kwa daraja la mshahara, isiwe kwa jumla, vibarua wahesabiwe, na bodi ya utumishi ya kaunti ichapishe walioomba, walioitwa na walioajiriwa kabla ya mishahara ya kwanza kutoka.

Kigoda: Na bodi hiyo inateuliwa na nani? Gavana, kisha bunge la kaunti linaidhinisha. Anzeni hapo.