Viwanda vya zege Dodoma: maji kuwa maangavu si kuwa salama, acheni kutuonesha chemba tatu

Wakuu salaam. Uzi una hasira, mtanivumilia.

Ukiuliza kiwanda cha zege majitaka yake ya kuoshea malori yanakwenda wapi, jibu ni lile lile: "Tuna mashimo ya kutuamisha." Unapelekwa nyuma, unaoneshwa chemba tatu zimefuatana. Ya kwanza tope zito la kijivu, ya pili maji kama maziwa, ya tatu maangavu mpaka sakafu inaonekana. Mgeni anaridhika, fomu inasainiwa, na bomba la chemba ya tatu linaendelea kumwaga korongoni.

Sasa sikilizeni. Kutuamisha kunaondoa mchanga na chembe za saruji. Chokaa iliyokwisha kuyeyuka haiendi kokote. Maji yaliyoshiba chokaa ya saruji yana pH (kipimo cha utindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni ukali wa chokaa) ya 12.4 hivi, na hata uyachuje kwa kanga mara saba yatatoka na pH ile ile. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yatoke yakiwa na pH kati ya 6.5 na 8.5, na chembe zisizidi miligramu 100 kwa lita. Chemba tatu zinaweza kukuokoa kwenye chembe. Kwenye pH hazikusaidii chochote.

Halafu kuna wale wa "sisi tunayazimua kwa maji safi." Mnajua hesabu yake? Kila namba moja ya pH ni mara 10. Kushusha lita moja kutoka 12 hadi 9 kwa maji matupu kunataka karibu lita 1,000. Kwenye jiji hili linalotegemea visima vya Makutupora, watu wanalala na ndoo tupu, wewe uzimue majitaka!

Asiyeamini aende akachungulie chemba ya tatu asubuhi, kabla magari hayajaanza kuoshwa. Juu ya maji kuna utando mweupe, mwembamba kama ngozi ya maziwa yaliyochemka yakapoa. Uguse kwa kijiti: unavunjika vipande vipande, vinazama. Hiyo ni chokaa imekutana na hewa ukaa ya angani ikageuka kuwa jiwe. Angalia na mdomo wa bomba, una gamba jeupe gumu la kugonga kwa nyundo. Ukishaona hivyo viwili, maabara itakuja kukuthibitishia tu. Maji hayo ndiyo yanayobabua miguu ya vibarua wanaoingia chemba na buti zilizotoboka, na ndiyo mbuzi wanayokunywa huko chini kiangazi korongo lote likiwa kavu.

Tiba ipo na si siri. Inayofaa kuliko zote ni kupuliza hewa ukaa ya mitungi, ile ile ya viwanda vya soda, kupitia bomba lenye matundu madogo chini ya tangi. Kwa mita moja ya ujazo ya maji ya pH 12 unahitaji kama nusu kilo ya gesi, ikiwa 12.5 ni kilo moja na nusu hivi, ongeza na inayopotea juu kwa mapovu. Uzuri wake, hata fundi akisinzia valvu ikiwa wazi, maji hayageuki kuwa tindikali kali.

Lakini watu wetu wanapenda njia ya mkato: tindikali ya haidrokloriki, kwa jagi, bila kukoroga. Maji ya pH 12 yanataka takriban lita moja ya tindikali ya asilimia 33 kwa mita ya ujazo. Zidisha nusu lita tu, umeshuka chini ya 3. Sehemu moja tindikali, nyingine bado chokaa, na anayepima anachota sehemu moja tu. Tena tindikali hiyo inaacha kloridi, kwa hiyo maji hayo yapimwe kwanza kabla ya kuyarudisha kwenye zege lenye nondo, maana kloridi ikizidi ni kutu ndani ya nguzo.

Kosa lingine ni kutibu maji ya chemba ya pili yakiwa bado meupe. Zile chembe ni saruji ambayo haijamaliza kazi. Unapima saa sita mchana unapata 8, unafurahi, jioni yamerudi 11 kwa sababu chembe zinaendelea kutoa chokaa. Tuamisha kwanza, ndipo utibu. Na hizo chemba zichotwe tope! Chemba iliyojaa tope nusu ina nusu ya muda wa kutuamisha, na hapo hata chembe zenyewe zinapita.

Kinachouma zaidi ni kwamba maji hayo hayapaswi kutoka kabisa. Kuosha pipa la lori moja kunakula lita 500 hadi 1,000. Malori 20 kwa siku, piga hesabu ya bili. Badala yake weka kokoto za mzigo unaofuata pamoja na lita 200 au 300 za maji, zungusha pipa, kokoto zisugue, kisha pakia zege jipya juu yake na upunguze maji ya mchanganyo kwa kiasi hicho hicho. Maji ya chemba nayo yanarudi kwenye zege. Kiwango cha Ulaya EN 1008 kinaruhusu: uzito wa maji usipozidi kilo 1.01 kwa lita, yanahesabiwa kuwa karibu hayana chembe. Yakizidi, chembe zihesabiwe na zibaki chini ya asilimia 1 ya uzito wa kokoto na mchanga. Kipimo cha kuelea cha kusomea uzito huo ni kijiti cha kioo tu, si mtambo.

Mvua ndiyo inayowaumbua. Uwanja wa mita za mraba 5,000 ukipata milimita 20, na Januari hapa hiyo ni mvua ya alasiri moja, una mita za ujazo 100 za maji. Chemba zako zinabeba 30. Sehemu ya kuoshea ingezungushiwa tuta na kuezekwa, maji safi ya uwanjani yangepita pembeni. Hakuna anayefanya, maana mvua ikinyesha korongo linajaa na hakuna atakayejua yapi ni ya nani.

Na msituletee karatasi za vipimo vya Jumapili, kiwanda kikiwa kimelala. Sampuli iliyokaa kwenye chupa nusu tupu inanyonya hewa na pH inashuka yenyewe njiani kwenda maabara. Jaza chupa mpaka mdomoni, au pima pale pale. Mashine ya kupimia isahihishwe kwa dawa zenye pH inayojulikana, ya 7 na ya 10, si 4 na 7, na ncha yake isafishwe gamba la chokaa, la sivyo inasoma uongo.

Kwa hiyo wenye viwanda mliomo humu: tunataka kuona kibali cha kutiririsha majitaka cha bodi ya maji ya bonde, iwe Wami/Ruvu au Bonde la Kati kutegemea uko upande gani wa jiji, na pH ya chemba ya mwisho iliyopimwa siku ya kumwaga zege, saa kumi na moja jioni, malori yote yakiwa yamesharudi kuoshwa. Picha ya maji maangavu tumeshaiona.