Tupeane uzoefu: waliogeuza kompyuta kuwa deki ya muziki nyumbani

Mleta mada
Wakuu, salaam. Deki yangu ya CD imegoma kusoma, na fundi ananiambia lenzi yake haipatikani tena Kariakoo. Amplifaya ipo, spika mbili za mbao zipo, laptopu ipo. Nataka hiyo laptopu ishike nafasi ya deki, na nipate muziki wa kukaa chini na kuusikiliza, siyo kelele za kusindikiza kuosha vyombo. Nadharia sitaki. Aliyefanya aseme alichomeka nini wapi, alisikia nini na hela yake iliishia wapi.

Fundi wa Tanga
Mkuu, anza na waya wa bei rahisi: ncha moja pini ya hedifoni, nyingine zile RCA mbili, nyekundu na nyeupe. Chomeka tundu la AUX au CD nyuma ya amplifaya. Tundu la PHONO liache hata kama ndilo pekee liko wazi. Lile ni la santuri, linakuza sauti mara nyingi na kuongeza besi makusudi; ukiingiza laptopu humo utasikia mikwaruzo mitupu.

Kisa changu mimi ni ngurumo. Mteja alilalamika kwamba muziki ukisimama spika zinabaki na "mmmm". Kabadilisha waya, kaazima laptopu nyingine, wapi. Nilipofika nikachomoa chaja ya laptopu tu, kimya! Chaja ile ina pini ya ardhi, amplifaya nayo ina pini ya ardhi, na zimechomekwa kwenye soketi za kuta mbili tofauti. Hapo umeme mdogo unapata njia ya kuzunguka kupitia waya wa muziki, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo hiyo sauti nzito mnayoisikia. Tukaweka vyote kwenye ekstensheni moja, ikapungua sana. Masalia yaliondolewa na kile kiboksi chenye transfoma ndogo kinachokaa katikati ya waya. Mwenye tundu la optiko (linalopitisha sauti kwa mwanga) pande zote mbili atumie hilo, maana mwanga haubebi ngurumo.

Na ole wake atakayekata pini ya ardhi ya amplifaya ili apate ukimya. Siku waya wa ndani ukigusa bodi, utakayerushwa ni wewe.

Binti Kisauni
Kwangu haikuwa ngurumo, ilikuwa mchakacho. Nikisogeza mausi tu, spika zafanya "zzt zzt". Zile kelele za ndani ya kompyuta zilikuwa zavuja hadi kwenye tundu la hedifoni. Nikanunua kile kiwaya kifupi cha Apple, USB-C upande huu na tundu la hedifoni upande ule. Watu hukidharau kwa udogo wake, lakini mna DAC humo ndani, yaani kigeuzi cha kuchukua namba na kuzifanya sauti, na chapokea hadi biti 24 kwa kilohezi 48, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde. Mchakacho ukaisha. Kaka wa duka moja pale Luthuli, Nairobi, alikuwa ameshanitolea DAC ya bei ya kodi ya nyumba, nikamwambia asante.

Tahadhari: kwenye simu nyingi za Android kiwaya hicho hutoa sauti ndogo. Kwenye Windows yangu hakuna shida.

Kilohezi
Niongezee hapo kwa dada. Windows kwa kawaida inachanganya sauti zote kwanza ndipo izitoe. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, laptopu nyingi zimewekwa 48,000, kwa hiyo wimbo unapigiwa hesabu upya njiani. Kwenye programu ya muziki ya foobar2000 ukichagua WASAPI (njia ya Windows ya kutoa sauti) ya "exclusive", programu inaishika DAC peke yake na hesabu hiyo haipo.

Nilitegemea muujiza. Nikajipima kwa ABX, ile ya kusikiliza bila kujua kipi ni kipi: sikutofautisha kitu. FLAC (faili iliyobanwa bila kupoteza kitu) na MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde nazo nilikuwa nabahatisha. MP3 ya 128 ndiyo niliikamata, hasa kwenye matoazi. "Exclusive" sijaiondoa lakini, kwa sababu mlio wa WhatsApp haukatizi tena gitaa la solo.

Halafu jamani, kushusha wimbo YouTube na kuugeuza FLAC ni kunenepesha faili tu. Kilichokatwa hakirudi.

Mzee wa Kanda, Muscat
Asalaam aleikum wanangu. Mimi nina kanda za taarabu nilizotoka nazo Unguja, na deki yake bado yazunguka. Kabla ya kompyuta, safisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba. Kisha ile skrubu ndogo ya kichwa uigeuze taratibu huku wasikiliza, mpaka fidla na kanuni zing'ae. Kanda ilirekodiwa na deki nyingine, haikai sawasawa na yako.

Nimeunganisha LINE OUT, tundu la deki la kutolea sauti, na kiboksi cha USB cha kurekodia, maana laptopu nyingi za siku hizi zina tundu la maikrofoni tu. Narekodi kwa programu ya Audacity, biti 24, na vilele vya sauti naviacha desibeli 6 hivi chini ya sifuri. Vikivuka sifuri vimekatwa, na hakuna dawa. Faili ghafi naihifadhi FLAC, siigusi. Nakala ndiyo naipunguzia mvumo wa kanda, tena kidogo. Ukikaza, fidla zinaimba kama zimo ndani ya mtungi wa maji.

Binti Kisauni
Shikamoo babu. Kanda za mamangu zimeandikwa Dolby B, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda; nibonyeze kitufe chake kwenye deki?

Mzee wa Kanda, Muscat
Marahaba mwanangu. Sikiliza kwa namna zote mbili. Ukiwasha na sauti za juu zikafifia kabisa, basi haikurekodiwa nayo, izime.

Sabufa Kuukuu
Mnahangaika na biti. Mimi niliivuta spika kutoka kwenye kona, nikatundika pazia zito ukutani, ndipo nikasikia maneno ya mwimbaji. Sikutoa hata senti.

Jirani wa TANESCO
Laptopu yangu feni ilikuwa inapiga kelele kuliko ngoma. Nimehamia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye Volumio, mfumo wa kupigia muziki: haina feni, naiongoza kwa simu kutoka kwenye kochi. Balaa lake ni umeme kukatika ghafla, kadi ya SD inaweza kuharibika mfumo. Kwa hiyo muziki wote uko kwenye diski ya nje, na kadi nina nakala yake.

Mleta mada
Nawasoma wakuu. Na wanaosikiliza mtandaoni, bando linavumilia?

Kilohezi
Piga hesabu. MP3 ya 320 inakula MB 144 kwa saa. CD bila kubanwa ni MB 635. Ikiwa FLAC inashuka karibu nusu, kutegemea muziki. Apple Music wameweka "lossless", yaani muziki usiopotezwa kitu, tangu 2021 bila kuongeza bei ya mwezi, lakini bando la kupima halitakuhurumia. Mimi nasikiliza ya kawaida, na albamu ninazorudia nanunua FLAC kule Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, MB 300 hivi kila moja. Nashusha mara moja, imeisha.