Jenereta ya nyumbani: niiweke stoo au uani?

Mkazi_Chumbageni
Assalaam aleykum ndugu zangu. Ninaishi Chumbageni, Tanga, pamoja na mama yangu anayetumia insulini, na kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara nimenunua jenereta ya petroli ya kilowati 3 ili friji isizime. Ua wetu ni mdogo, umezungushiwa ukuta, na dirisha la chumba cha mama linatazama huko huko uani. Kwa kuhofia wezi na mvua za masika, nimefikiria kuiweka stoo iliyo ubavuni mwa jiko, mlango na dirisha vikiwa wazi, iwake usiku kucha. Tena fundi mmoja ameahidi kunitengenezea waya wenye plagi ncha zote mbili, niuchomeke kwenye jenereta na kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima ipate umeme. Naomba ushauri kabla sijafanya lolote.

Muuguzi_Mstaafu
Waaleykum salaam, mwanangu. Stoo usiiweke kabisa, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Hiyo gesi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida huku mwili ukikosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu sisi wa pwani tukiona hayo tunasema ni malaria, tunameza panadoli na kurudi kulala chumba kile kile. Niliwahi kupokea wodini baba na watoto wawili ambao walikuja wakidai wana homa, lakini kipimo cha joto hakikuonyesha homa yoyote. Tulipouliza vizuri ndipo tukasikia habari ya jenereta iliyokuwa ikiwaka ukumbini. Nyote mkiumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje kwanza, kisha muende hospitali na mseme wazi kwamba jenereta ilikuwa inawaka.

Kuhusu insulini, sioni haja ya kuwasha usiku kucha. Friji isiyofunguliwafunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne. Umeme ukikatika jioni, washeni jenereta kwa saa moja au mbili mkiwa macho, kisha izimeni kabla ya kulala. Ikishapoa iingizeni ndani, na hofu ya wezi itakuwa imekwisha.

Fundi_Ngamiani
Namuunga mkono mama yetu hapo juu. Mimi nataka kusema juu ya huo waya wa plagi mbili, na kwa kweli nasikitika kwamba aliyeupendekeza anajiita fundi. Ukichomeka ncha moja kwenye jenereta inayowaka, vyuma vya ncha ya pili vinakuwa na volti 230 mkononi mwako, au mkononi mwa mtoto atakayeuokota. Halafu kama swichi kuu haikuzimwa, umeme wako utatoka hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma ile inayoshusha volti 11,000 kuwa 400 na 230 itaupandisha ukirudi kinyume. Fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo, akiamini laini imezimwa, ndiye atakayeupokea. Na umeme wa gridi ukirejea ghafla, jenereta yako inaungua.

Unachohitaji ni swichi ya chenjiova, ambayo huunganisha nyumba na gridi au na jenereta, kamwe si vyote viwili, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Ikiwa fedha haitoshi kwa sasa, tumia waya wa ekstensheni wa milimita za mraba 2.5 moja kwa moja hadi kwenye friji, na uukunjue wote, maana ukiachwa umeviringwa hupata moto. Friji huvuta umeme mwingi zaidi inapoanza kuliko inapoendelea, basi pasi na birika la umeme visubiri.

Mkazi_Chumbageni
Nawashukuru sana. Je, uani niiweke upande gani, na mvua nifanyeje?

Fundi_Ngamiani
Iwe angalau mita 6 kutoka kwenye madirisha na milango, ekzosi ikielekea mbali na nyumba. Ua wenye ukuta hutuamisha moshi, kwa hiyo kama mita 6 hazipatikani, itoe nje ya geti na ukae nayo. Angalia pia upepo: mahali panapofaa wakati wa kaskazi, upepo wa kusi unaweza kurudisha moshi wote dirishani kwa mama. Kwa mvua, jenga kibanda cha bati kisicho na kuta, sakafu yake imeinuliwa kwa tofali, na usiishike ukiwa na mikono mibichi.

Muuguzi_Mstaafu
Na petroli usiongeze injini ikiwa ya moto. Izime, subiri ipoe, kwani mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa.

Mkazi_Chumbageni
Nimepima leo kwa futi kamba: kutoka dirisha la mama hadi ukutani ni mita 4 na nusu tu. Itakaa nje ya geti, na waya wa plagi mbili nimeukataa.